Clive Ormerod na Neno Lililomkaba Miaka Kumi na Mmoja

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Bw. Clive Ormerod anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya kamusi. Aliingia Jumatatu, 3 Juni 1985, akiwa na tai iliyombana shingo. Haijalegezwa tangu siku hiyo.

Humu ndani neno halichapishwi mpaka mhariri wake atie saini kwamba ameupata ushahidi wa kale kabisa wa matumizi yake. Wengine hutafuta, huchoka, husaini. Clive alipewa herufi W. Maneno yake yote yalitoka isipokuwa "worry", neno la Waingereza la kuwa na wasiwasi, alilolishika tangu 2008.

Asili yake aliijua. Alitueleza kila chai ya saa nne: zamani lilimaanisha kunyonga, baadaye likawa la mbwa anayemng'ata kondoo kooni na kumtikisa, kisha la mtu anayemsumbua mwenzake, na katika karne ya kumi na tisa ndipo watu walipoanza kujikaba wenyewe, kimyakimya, bila mbwa. Biskuti zililowa tukisikiliza. Lakini kusaini? "Na likitokea andiko la zamani zaidi? Jamaa fulani jijini Leeds ataliona, ataniandikia barua!"

Mwaka 2014 alipanda milimani kuwahoji wafugaji. Bibi Thwaite, mwenye kondoo mia mbili, alimsikiliza akiwa ameshikilia lango. "Bwana wee, mbwa akishashika koo, nani anauliza mbwa wa kwanza kung'ata alikuwa yupi? Mtoe mbwa!" Clive aliyaandika hayo kwenye kadi, akatia tarehe, akaifungia kwenye droo.

Mwezi uliopita mkuu wetu, Hilary Pickersgill, alimwekea mwisho: Jumatano, 26 Juni, saa kumi jioni. Asiposaini, angesaini yeye, na neno la miaka kumi na mmoja lingetoka bila jina la Clive. "Kaka yangu," Hilary alimwambia, "mimi nitalimaliza kabla chai yangu haijapoa."

Saa kumi kasoro dakika mbili Clive alisaini kadi ya neno hilo, akamkabidhi Hilary. Saa kumi na dakika tano alirudi kuiomba kadi hiyo. Hilary alikuwa ameikalia.

Clive, asante kwa maelfu ya maneno mengine. Hakuna aliyewahi kuyakosoa, hata huyo wa Leeds. Mpigachapa ameagizwa asipokee simu yako. Jumatatu ukiamka, iache tai kabatini. Tunakutakia siku njema, ndefu, na shingo iliyo huru.