Mama Mwiko na Kijiko cha Kuonja

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mpishi mkuu wa shule yetu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Mwiko, anastaafu.

Alianza kwa kuosha masufuria. Baada ya miaka sita alikuwa anapikia wanafunzi mia nne, na kengele ya saa saba haijawahi kukuta chakula bado kiko motoni. Aliyechelewa foleni aliulizwa, "Mwanangu, ulikuwa unasubiri kualikwa?" kisha akapakuliwa kingi kuliko wenzake.

Miaka mitatu iliyopita maharage yalianza kuzidi chumvi. Tulicheka, tukasema leo tutamaliza pipa la maji. Mwenyewe alikuwa anakonda, anashikwa na kizunguzungu, na ngozi yake inazidi kuwa nyeusi. Tulidhani ni moto wa jikoni. Mwanafunzi mmoja akaandika malalamiko bila jina, akayatia kwenye sanduku la maoni. Uongozi ukaanza kufikiria kumtoa jikoni.

Muuguzi wa shule peke yake ndiye aliyejiuliza kwa nini. Akamkuta Mama Mwiko akilamba chumvi aliyoificha mfukoni mwa aproni, akampeleka hospitali siku hiyohiyo. Huko ikajulikana kwamba kinga ya mwili wake, badala ya kupambana na vijidudu, ilikuwa inashambulia tezi zake mwenyewe. Ile ya shingoni iliharibika zamani, na alikuwa akitumia vidonge kwa ajili yake. Sasa zilifuata zile zilizo juu ya figo, ambazo homoni zake huusaidia mwili kutunza chumvi; ndiyo maana ulimi wake ulikuwa hauishi kuitamani. Daktari alisema tungechelewa siku chache tu, tungempoteza.

Alirudi na vidonge vya kumeza maisha yake yote, na sharti alilojiwekea: chakula kisitoke jikoni kabla mwanafunzi hajaonja. Uongozi ukakubali abaki. Kisha akaomba aletwe yule aliyelalamika, maana ulimi wake hausemi uongo.

Nilichukua wiki mbili kujitokeza. Nilitegemea kugombezwa. Alinipa kijiko.

Nilionja mpaka nikamaliza shule, na wiki hii nimerudi kuonja sufuria la mwisho.

Mama Mwiko, asante kwa kila sahani. Wote hapa tunakuombea pumziko jema, na usisahau vidonge vyako.

Chumvi ya leo imetosha.