Fomu Iliyoombewa Ikiwa na Uongo

Ndugu zangu, asifiwe yeye aliyenipa miguu ya kusimama hapa mbele. Mtafsiri wangu, twende polepole. Na nyinyi vijana wa viti vya nyuma, najua Kiswahili mnakisikia vizuri, mnajifanya tu hamkijui, kwa hiyo leo mtafsiri msimsubiri.

Wengi mmeshasikia kwamba nimekubaliwa kusomea udaktari. Asanteni, asanteni, lakini makofi yapunguzeni kidogo kwanza. Watu wa maombi ya Jumatano kule Troyeville wanajua nilikopita, ninyi wengine hamjui, na sipendi mnishangilie kwa habari nusu. Majina sitaji. Atakayejitambua acheke kimoyomoyo.

Tulipofika Johannesburg kutoka Bukavu, mimi na mama yangu, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na hatukuwa na mtu. Familia moja ya mtaa wa La Rochelle, wao wenyewe wakikaa chumba kimoja cha kupanga, walitukatia nusu ya chumba kwa pazia. Tukakaa nyuma ya pazia lile miezi minane. Nani kati yetu hapa hajawahi kulala nyuma ya pazia la mtu? Basi mnajua wenyewe, mtu aliyekulaza humwambii hapana.

Mwaka 2016 nilikuwa chuoni, nasomea sayansi. Binti wa familia ile naye akaingia chuo hicho hicho, tukawa pamoja katika somo la kemia. Siku moja mama yake akanipigia simu. Binti alikuwa ameumwa, amelemewa, ripoti ya maabara inatakiwa kesho yake, na mimi ndiye mwenye kichwa. Nimwandikie tu. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia. Kwetu sisi anayejua kuandika anaandikia nyumba nzima. Mimi nilishaandika barua za nusu ya kanisa hili, za wenye nyumba, za shule za watoto, za makaratasi ya ukimbizi, na Jumapili mnanishukuru. Ripoti moja ya kemia ilikuwa nini? Tena ningekataa, wangesema asante ya punda ni mateke. Nikaandika kwa mkono wangu, majedwali na kila kitu, na binti akapeleka kama yake.

Sasa sikilizeni nilivyokamatwa. Bukavu, masista walitufundisha kuandika namba saba yenye mkanda kiunoni, kile kistari cha katikati. Binti yule amekulia hapa, saba yake haina mkanda. Muhula mzima saba zake zilikuwa uchi, halafu wiki ile moja zote zikavaa mikanda. Mwalimu wetu wa maabara, mama mmoja mtulivu ambaye hata sauti yake hapandishi, aliziweka ripoti zetu mbili sambamba juu ya meza, akatuita, akatuonyesha saba kwa ncha ya kalamu. Eish. Hata uongo sikuupata.

Tukapelekwa kwenye kikao cha nidhamu. Tukapatikana na hatia sote wawili. Sifuri katika somo lile, kusimamishwa nusu mwaka, na kosa kuandikwa kwenye rekodi zetu. Mimi nilidhani mwandishi ana afadhali kuliko mwandikiwa. Mwenyekiti akanieleza kwa adabu kwamba hapana, ni kosa moja.

Na hapa ndipo nilipoanguka hasa, kwa sababu kosa la kwanza nililifanya kwa kumheshimu mtu, la pili nililifanya kwa kiburi. Mlikuwa mmeshaanza kuniita daktari. Mama yangu akishona nguo za wateja kule Bertrams, kila mteja lazima asikie kwamba binti yake atakuwa daktari. Ningemwambia nini? Mwaka ule wanafunzi walikuwa wanaandamana, vyuo vinafungwa na kufunguliwa, nami nikajificha humo humo. Nikasema masomo yamesimama kwa sababu ya maandamano, na binti naye akasema hivyo hivyo kwao. Chuo kilipofunguliwa nikawa natoka nyumbani asubuhi na mkoba wangu, naenda kukaa maktaba hadi jioni. Mlinizunguka mkaombea chuo kipate amani, na mimi nikaomba pamoja nanyi, kwa machozi kabisa.

Nusu mwaka ikaisha, nikarudi, nikasoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nikamaliza shahada yangu, na alama nzuri. Ndipo mwaka jana nikaamua kuomba nafasi kwenye chuo cha udaktari, darasa lile la watu wenye shahada tayari. Fomu ikaja. Nikajaza jina, nikajaza masomo, nikafika swali la nane: umewahi kupatikana na hatia ya nidhamu katika chuo chochote?

Ndugu zangu, nilikaa na swali lile siku tatu. Rafiki mmoja aliniambia vyuo haviongei, nani atajua. Mimi moyoni nikasema, wenye rekodi safi wako wengi, nikijibu ndiyo wataitupa fomu kabla hawajafika swali la tisa. Nikaandika hapana. Nikaichapisha ili niipeleke Jumatano ikaombewe, halafu Ijumaa, siku ya mwisho, niitume kwenye mtandao.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Maombi yetu ya Jumatano watu huleta makaratasi. Kibali cha ukimbizi, barua ya kazi, fomu ya shule, yote yanawekwa juu ya kimeza na tunayawekea mikono. Anayeongoza ni mama mmoja, simtaji, amekaa hapo na kikwembe, kitenge chake cha njano, na ameshaanza kucheka. Mama huyu haombei karatasi kwa jumla. Anasema ukimwombea mtu kwa jumla utajibiwa kwa jumla. Anaisoma yote, swali kwa swali, Kiingereza chake cha polepole, halafu anamtafsiria Mungu kwa Kiswahili. Mimi nilijua hivyo miaka yote, na bado niliipeleka. Akili iliyofunikwa na uongo haikumbuki kitu.

Akaanza. Bwana, jina lake unalijua. Amina. Bwana, hapa wanauliza alama zake, ni wewe uliyempa. Amina. Mimi nahesabu: swali la tano, la sita, la saba. Mkono wa mama yangu uko begani kwangu. Akafika la nane, akalisoma mara mbili, akainua uso.

"Bwana, wanauliza kama mtoto wetu amewahi kuhukumiwa chuoni. Amejibu hapana. Asante Baba kwa mtoto msafi."

Watu wote wakasema amina. Na amina ya mama yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Nawaambia ukweli, sikuamua kitu. Niliona tu mkono wangu uko juu ya karatasi, nasikia sauti yangu inasema, "Mama, hapo msiseme amina. Hapo nimedanganya."

Nikawaeleza yote, ripoti, kikao, maandamano, maktaba. Nilieleza nikiangalia sakafu. Nilipomaliza nilingoja mama yangu aseme nimemwaibisha, na angekuwa na haki. Akaniuliza kitu kimoja.

"Ile miezi yote maktaba, mchana ulikuwa unakula nini?"

Nikalia mpaka kikwembe cha watu kikalowa. Mwenye kikwembe akanyang'anya fomu, akasema amina zote alizosema kuanzia swali la nane anazirudisha, tutaanza upya fomu ikiwa ya kweli. Watu wakacheka, mimi nikacheka na kamasi zangu. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuujua tangu 2016.

Lakini Ijumaa ni keshokutwa, na ukijibu ndiyo lazima uambatanishe maelezo. Kuna ndugu mmoja Mkenya wa hapa kanisani, anafanya kazi Sandton, kazi yake kusoma maombi ya watu wanaotafuta ajira. Alhamisi nilimfuata huko na kurasa nne. Alisoma zote, akaziweka chini, akasema, "Dadangu, hapa umeshtaki kila mtu isipokuwa wewe." Kweli, nilikuwa nimeshtaki mila, nimemshtaki mama wa La Rochelle, hata masista wa Bukavu nilikuwa nimewagusa. Nikaandika nyingine pale pale. Hiyo akasema inafaa kupelekwa gerezani, si chuoni, jinsi nilivyojichapa. Ya tatu ikatoka nusu ukurasa. Nilifanya hivi. Chuo kiliamua hivi. Baada ya kurudi nilifanya hivi: nilikuwa nawasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kemia kila Jumamosi, bila kushika kalamu ya mtu. Sina wa kumlaumu. Nikaambatanisha na barua ya uamuzi wa kikao. Akaniambia sharp, iko safi, tuma. Nikatuma.

Wakaniita kwenye mahojiano. Watu wanne mezani, na nusu ukurasa wangu uko mbele yao. Mzee mmoja akauliza, leo mama yule akinipigia simu tena nitafanya nini. Nikamwambia nitapanda basi mpaka La Rochelle, nitakaa na binti yake mpaka aelewe, lakini kalamu atashika mwenyewe. Wakaandika. Kisha daktari mmoja mwanamke akaniangalia sana. Akasema, wewe una kanisa, una watu wako. Ukiwa daktari, mtu wa kanisani akikuomba cheti cha ugonjwa naye haumwi, je?

Ndugu zangu, niliziona sura zenu zote. Wengine kwa majina.

Nikasema, "Wataniomba, nawajua. Nitakataa, watanuna, na Jumapili tutasalimiana."

Wakacheka wote wanne. Mimi sikujua kama ni kicheko kizuri au kibaya mpaka barua ilipokuja. Ilinikuta Bertrams, nimemshikia mama kitambaa anakata. Nikaisoma kwenye simu, nikampa simu. Kiingereza hasomi sana, lakini neno la kukubaliwa alilijua. Alitoka na mkasi mkononi akacheza barabarani mpaka gari likasimama, na robot, taa ya barabarani, ilikuwa ya kijani. Mwenye spaza, kiduka cha jirani, akatuletea soda bila kuuliza kuna nini.

Nashukuru. Nakushukuru mama yangu kwa swali lako la chakula, sijawahi kupewa msamaha mfupi namna ile. Nashukuru watu wa Jumatano, na yule wa kikwembe, na ndugu wa Sandton. Namshukuru mwalimu wangu wa maabara, ingawa hayupo. Na mama wa La Rochelle, uliyenilaza: ulikuja kwetu na sufuria ya sombe, kisamvu chetu, ukasema ulinituma vibaya. Nimeshakujibu nyumbani, na hapa narudia, ulinilaza vizuri. Binti yako amerudi masomoni na anafaulu kwa mkono wake, na ameniruhusu niseme haya.

La kuwaachia ni dogo. Aliyekutendea wema mpe muda wako, mpe miguu yako, mpe hata nusu ya chumba. Kalamu yako kwa kazi ambayo ni yake, usimpe. Na kama ulishampa, sema mapema, maana kosa langu lilinigharimu nusu mwaka, na kulificha kulinila karibu miaka miwili.

Jumatatu naenda kuandikishwa. Fomu wamenitumia, na swali lile lile limo. Wanasema nitaulizwa tena nikimaliza, na tena siku ya kusajiliwa kuwa daktari. Jana nililijibu mezani, mama yangu akiangalia. Nikaandika ndiyo, nikabandika ile nusu ukurasa, kisha tukala.