Karata za Baba Yake Hamdiya

Baraza yetu ya Barabara ya Nane, Ngamiani, hujaa nikishakoleza mkaa tu, maana watu hawa harufu ya kahawa yangu wanaijua kuliko njia ya kazini. Mwaka ule wa hamsini na nne waliokuwa hawabanduki walikuwa watatu. Sadalla tulimwita Mizani, alikuwa akipima mbata sokoni na akadhani anaweza kupima kila kitu. Shekhe tulimwita Fatwa, kwa sababu hakuulizwa jambo hata siku moja akasema hajui. Wa tatu Uweso, karani wa bandarini, kijana mpole, na siku hiyo hata kashata ilimshinda kuila. Alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Turki, baba yake Hamdiya. Jibu hakupewa. Aliambiwa tu aje alasiri wacheze poka, ule mchezo wa karata wa Wagiriki wa mkonge, kwa senti kumi kumi.

— Sasa niende na kiasi gani? akauliza Uweso.

— Shilingi tano, alisema Mizani. Mchezo wenyewe wa senti kumi.

— Tano! Fatwa akaruka. Aonekane hohehahe? Mzee yule ana minazi Mwera mpaka mwenyewe haijui. Nenda na thelathini.

— Thelathini ni nusu ya mahari yangu, Shekhe.

— Basi nenda nayo yote.

— Ikiliwa je?

— Itakuwa imeliwa na mkweo. Si hukohuko ilikokuwa ikienda?

Nilicheka hadi nikamwaga kikombe kizima, na hakuna aliyenilipa.

— Wacha upuuzi wako, Fatwa, alisema Mizani. Uweso, nisikilize mimi. Beba noti moja tu, ya shilingi mia. Ikifika zamu yako, itoe. Nani pale atakuwa na chenji? Utacheza mpaka magharibi hujatoa senti, na kila mtu kaiona noti.

— Noti ya mia naipata wapi mimi?

— Kaazime.

— Noti hailii, alisema Fatwa. Jaza sarafu mfuko huu, jaza na huu. Ukikohoa, wasikie.

— We Fatwa, nikamwuliza, kamari si haramu?

— Haramu ni kula. Kuliwa ni sadaka.

Hapo akaja mgeni, Zebedayo wa Pongwe, anangojea basi la kurudi kwao. Akatuamkia shikamooni wazee, akapokea kikombe, akasikiliza kidogo.

— Samahanini, alisema. Na akishinda yeye?

— Akishinda nani?

— Huyu kijana. Atazizoa pesa za mkwewe?



— Azirudishe, alisema Mizani.

— Mbele za watu? Fatwa akamkatiza. Hiyo si sawa na kumwita masikini?

— Azichukue basi.

— Leo umle mzee wa watu, kesho umwombe binti yake! Huna haya?

— Basi ajitie kushindwa.

— Haiwezekani, alisema Uweso. Mzee Turki hajamshinda mtu tangu aanze. Nduguze wote wanamcheka. Hata nikitupa karata zangu chini kukubali nimeshindwa, yeye atatupa zake kwanza.

Zebedayo akauliza tena, basi afanyeje? Fatwa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema hajui. Nikainamisha dele la kahawa nimwongeze Uweso, yakatoka machicha matupu.

— Jamani, mimi namtaka Hamdiya, alisema Uweso. Simtaki mwengine.

Nilimwonea huruma kweli. Adhana ya alasiri ikaanza. Akasimama, akanyoosha kanzu, akatia shilingi tano mfukoni.

— Tano zinatosha, alisema. Niombeeni karata mbovu, shilingi hizi ziliwe zote.

Fatwa akanyanyua mikono. Sote tukaitikia amin, hata yule wa Pongwe.