Mama Lucky Anastaafu, Nani Atawashika Wazee?

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Severa Mmari anakabidhi funguo za ukumbi wetu wa Mchafukoge baada ya miaka ishirini na mitatu ya kulitumikia Shirika la Tembea Salama. Mtaani hakuna anayemjua kwa jina hilo. Ni Mama Lucky, na hata barua za serikali ya mtaa humfikia kwa jina la mwanawe. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye nitakayekalia kiti chake. Naomba msomaji anivumilie, maana kila nikianza kusifu, woga unaniingia.

Alianza kazi akiwa muuguzi wa wodi ya mifupa. Huko aliwapokea wazee waliovunjika nyonga, wengi wao kwa mambo madogo: bafu lenye maji, ngazi yenye giza, mkokoteni uliokata kona ghafla Kariakoo. Kilichomuudhi zaidi ni kauli ya ndugu waliowaleta, kwamba uzee ndivyo ulivyo. Akaaga wodini, akaja kwetu, akaanzisha darasa la mazoezi la kila Jumanne na Alhamisi. Wazee husimama kwa mguu mmoja wakiwa wameshika kiti, kisha huinuka na kukaa bila kutumia mikono. Bi. Mwanamkuu, mzaliwa wa hapa hapa Kariakoo, alikuja mara ya kwanza akitangaza kwamba amekuja kutazama tu, kwa sababu mtu mzima kurusha miguu hadharani ni aibu. Ametazama kwa miaka kumi na tisa sasa, na ndiye anayewakaripia wanaochelewa.

Ukimkaribisha Mama Lucky nyumbani kwako, hajamaliza kupiga hodi ameshakunja zulia la sebuleni, mzee asije akajikwaa. Mhasibu wetu, Abdulswamad, alipomwoza binti yake, Mama Lucky alikunja zulia jekundu la maharusi kwa kuwa bibi wa bwana harusi alikuwa anakaribia kulikanyaga. Maharusi wakaingia kwa kupita kwenye sakafu. Bibi alifika mezani salama na akala vizuri sana.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Mzee Isidori Tarimo, aliyekuwa muuza vitenge. Anaishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, na wakati ule ngazi zake hazikuwa na chuma cha kushikia. Mfadhili wetu wa kwanza alikuwa amejitoa, kwa hiyo Mama Lucky alimwomba Abdulswamad awaandikie wenye maduka kwenye kundi lao la WhatsApp. Abdulswamad ni mtu wa maneno machache. Aliandika kwamba tunaomba michango kwa ajili ya Mzee Isidori, tukutane chini ya jengo lake saa kumi.

Mjini hapa ujumbe wa namna hiyo una maana moja tu. Saa kumi tulikuta turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa na akina mama wameshainjika chai. Mzee Isidori mwenyewe alikuwa anatoka kunyoa. Akaona msiba, akavua kofia, akatoa mchango wake kama desturi inavyotaka, akakaa. Alipopewa chai ndipo akamuuliza aliyekaa naye marehemu ni nani. Yule jirani alimwangalia, kikombe kikamtoka mkononi.

Vicheko vilipotulia ikazuka shida ya michango. Fedha ya msiba ikishatolewa hairudi mfukoni. Kuichukua ni kujiitia msiba wa kweli. Wenye maduka wa Kilimanjaro na wa pwani, ambao huwa hawaelewani hata mahali pa kuegesha mkokoteni, hapo walielewana. Mama Lucky akainuka. "Jamani, mlikuwa tayari kutoa akishaanguka," aliwaambia. "Basi toeni hizi hizi asianguke." Kesho yake fundi wa kuchomelea alikuwa kwenye ngazi.

Tangu hapo tuna kamati. Kama watu wanavyounda kamati ya harusi, yenye mwenyekiti, vikao na kadi, ndivyo kila jengo lenye mzee linavyounda kamati ya kumfanya asianguke. Zimeweka vyuma vya ngazi, taa za korido na mikeka ya mpira bafuni. Mfadhili mkubwa alikuja baadaye, alipoona mtaa umeshaanza wenyewe, akatulipia ukumbi na wakufunzi.

Sasa niseme linalotukosesha usingizi. Ufadhili huo unaisha mwezi huu huu anaoondoka yeye. Mfadhili ametutaka tuthibitishe ni wazee wangapi hawakuanguka kwa sababu yetu. Swali ni la haki, ila mzee ambaye hakuanguka halazwi, hapigwi picha ya mifupa, na hakuna anayempa pole. Amekwenda kununua nazi, amerudi, basi. Mama Lucky alimjibu mgeni wa mwisho aliyetumwa na mfadhili kwa kumpandisha ghorofa zote nne nyuma ya Mzee Isidori, ambaye sasa amevuka themanini. Mgeni ndiye aliyepumzika njiani. Mimi sijui kama nina kifua cha kufanya hivyo. Kamati nazo, tusidanganyane, zilikuwa zikimwogopa yeye zaidi ya shirika. Mpaka tunapeleka jarida hili kuchapwa, mfadhili hajajibu.

Alhamisi iliyopita Mama Lucky aliwaambia wanafunzi wake ukweli wote, kwamba yeye anaondoka na huenda fedha nazo zikaondoka. Kisha Bi. Mwanamkuu akajitanda vizuri mtandio wake.

"Haya, umestaafu wewe. Magoti yetu je, nayo yamestaafu? Jumanne tunakuja. Na wewe Husna usichelewe."

Husna ni mimi. Nilicheka pamoja na wenzangu.

Jioni ile nilimsindikiza Mama Lucky hadi kwake. Sikuwahi kumwona mwanamke huyu akiogopa kitu. Njiani aliniambia kwamba kukosa kazi hakumtishi, wala kuhamia shambani kwake Marangu hakumtishi. Anachoogopa ni simu. Anaogopa kwamba siku moja, akiwa anapalilia migomba yake, simu italia na atatajiwa jina la mmoja wa wazee wake aliyeanguka.

Mama Lucky, sisi wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa wazee wote ambao leo wako majumbani kwao, wanalalamikia chumvi kwenye mboga na kelele za wapangaji wa juu. Tunakutakia maisha mema Marangu, afya njema na wajukuu wasiokuchosha. Jumanne mlango nitaufungua, mfadhili awe amejibu au hajajibu. Na kila utakapoona jina langu kwenye simu yako, Mungu ajalie niwe nimekupigia kukusalimia tu.