Wingu Alilolishukuru

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa fundi wa mabati na dada mmoja wa kituo cha hali ya hewa, ambaye kazi yake ni kutazama mawingu na kuyaandika. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

"Wiki nzima mama alilala barazani kwa sababu ya joto," fundi alisema. "Jioni moja wingu likatanda, nikamrudisha ndani, nikijua kutapoa. Asubuhi nikamkuta keshakata roho."

"Pole sana, kaka yangu. Mchana wingu hutukinga na jua. Usiku hugeuka blanketi, joto la ardhini likakosa pa kutokea."

"Na kompyuta zenu za kutabiri hali ya hewa hazikujua?"

"Kwamba dunia inazidi kupata joto, zote zinajua. Kwenye mawingu ndipo kila moja ina lake. Hii inasema yatatupoza, ile inasema yatatuchoma."

Hapo ndipo nilipogundua gazeti nimelishika juu chini.

"Siku ile wewe uliandika nini?" fundi aliuliza.

"Niliandika kwamba wingu limefunika anga lote."

"Mimi nililiona," alisema, "nikamshukuru Mungu."

Treni ikasimama karibu na kituo cha hali ya hewa. Dada alikuwa amefika kazini, lakini hakuinuka.