Mzee Aliyeukalia Mpira Mwaya

Mzee Andongwisye ametumika hapa bandarini Mwaya miaka kumi na miwili. Anaacha kazi mwisho wa mwezi huu, Desemba 1913. Wanasema amezeeka. Gunia bado anabeba.

Alianza kwa kupakua stima. Bwana mwenye ghala alipounda timu, akawa anatuajiri kwa miguu yetu: asubuhi mizigo, jioni mpira, ujira mmoja. Mzee akapewa kututunza. Kazi yake mtungi wa maji, majani ya mgomba ya kufutia matope, na kuupaka mpira mafuta ya nguruwe usinywe maji. Mpira wa ngozi ukinywa maji unakuwa jiwe, na mvua ya kwetu haiulizi.

Ni mtu wa utani. Mchezaji akijilaza chini kwa uvivu, anammwagia maji masikioni. Mke wangu alipofariki, alikuja kunipikia ndizi. Hajui kupika. Nilikula.

Mwaka juzi Yakobo aligongana vichwa na mwenzake. Akainuka, akacheka, akafunga bao. Tukambeba juu. Jioni ile, nyumbani kwa mama yake Marta, Yakobo alisimama mlangoni akatusalimia mmoja mmoja kwa majina. Majina yote ya watu tuliokwisha kuwazika. Akaenda kulala. Hakuamka.

Tangu hapo mtu akigongwa kichwa, Mzee anamwinamia na kumuuliza ameamkaje, hata kama jua linazama. Mwenye akili yake anacheka, anamwambia amechelewa kusalimia. Asiyecheka anatolewa. Tuliichukia salamu hiyo, maana nyapara Zebedayo hakutaka mtu atoke.

Mwezi uliopita tulicheza na vijana wa ng'ambo ya Songwe. Mvua kubwa. Hezroni akaupiga kichwa mpira uliolowa, akaanguka kama mzigo. Akasimama. Mzee akamsalimia.

"Nimeamka salama, baba," Hezroni akasema. "Hata Yakobo ameamka. Yuko pale pembeni, anataka nimpe mpira."

Tukatazama. Hapakuwa na mtu. Nyasi za pale tu zilikuwa zimelala, kama mtu amezikanyaga.

Zebedayo akaagiza tuendelee. Atakayetoka, kesho asionekane ghalani. Hezroni mwenyewe alikuwa anatuvuta, anataka kwenda kule pembeni. Mzee akaingia uwanjani, akauchukua mpira, akaukalia kwenye matope.

Vijana wa Songwe wakacheka. "Babu, unaatamia?"

"Naatamia," akasema. "Kamlazeni huyu mtoto, ndipo niinuke."

Zebedayo akatuambia tumbebe Mzee tumtoe. Tukambeba Hezroni.

Tulimlaza kwenye banda la mitumbwi. Mzee alikaa naye usiku na mchana, anamwita jina, mpaka Hezroni alipofumbua macho akauliza nani kashinda. Tulishindwa. Zebedayo akataka mmoja wao, Mzee au Hezroni, aondoke kazini. Mzee akasema ataondoka yeye.

Hezroni yuko hapa leo, mzima, amekaa na mkewe. Juzi Marta alimwendea, akamuuliza kama mwanawe pale pembeni alionekana anaumwa. Hezroni akamjibu hapana, mama, ila alikuwa na haraka sana.

Ndaga fijo, baba Andongwisye. Asante kwa maji, kwa utani, kwa kutusumbua. Nenda kwako Ngonga ukalime mpunga wako. Tunakuombea siku nyingi. Ulale vizuri, na kila asubuhi uamke.