Kwa Pumzi Moja, Unafika Wapi?

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, Papa Kassimu Ramazani anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya kuwauguza watu wa Maniema. Kesho anataka kufuturu siku ya kwanza ya Ramadhani nyumbani kwao Kasongo. Hatutamzuia, ingawa tulijaribu.

Alianza kazi Kasongo mwaka 1991, kijana mwembamba mwenye baiskeli ya kuazima. Kisha akapelekwa Wamaza, ambako wamama wanamwulizia mpaka leo. Mwaka 2006 alitumwa kwenye kituo chetu cha afya, hapa Salamabila, kushika nafasi ya mwenzake kwa miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo ndiyo inayokwisha leo.

Asiyefika kwetu ajue kwanza kwamba mawe ya dhahabu hapa yanatwangwa kwenye vinu vya chuma. Ni kazi ya wamama wengi, na vumbi lake jeupe tunaliita unga. Papa Kassimu alitumia neno hilo hilo kwenye daftari la wagonjwa. Msimamizi mmoja aliyekuja kutukagua akasoma "unga, 14", akataka kujua magunia hayo yote yamekwenda wapi na nani ameyala. Papa Kassimu alimpeleka barazani, akamwonyesha wamama kumi na wanne wanaokohoa. Walioula unga ni hawa, alimwambia, na bado wanao. Msimamizi alifunga daftari taratibu, akaomba maji ya kunywa.

Somo lake la unga, kwa sisi wamama wa vinu, alilitoa asubuhi, jua likiingia mlangoni. Alikung'uta mfuko mtupu wa unga wa muhogo kwenye mwanga, kisha akatukataza kusema neno. Punje kubwa zilianguka upesi. Hizo, alieleza, pua inazikamata kwa vinyweleo vyake, na zinazoponyoka zinagonga kona za koo na kunasa kwenye ute. Zilizo ndogo zaidi zinatua kwenye matawi ya njia ya hewa, nako ute unazipandisha polepole mpaka uziteme. Halafu tulisubiri. Mama mmoja alisinzia, akaamka, na kwenye mwanga bado kulikuwa na kitu kinaelea. Hizo za mwisho, baadhi yake unazitoa tena ukipumua, lakini nyingine zinafika kwenye vifuko vidogo kabisa ndani ya mapafu. Kule hewa imetulia, zinapata nafasi ya kutua, na hakuna ute wa kuzirudisha juu. Vumbi la jiwe halifanani na la muhogo, kwa sababu mwili hauwezi kulimaliza. Linabaki, na pafu linafanya kovu juu yake.

Sisi tulikuwa tunaogopa unga wa usoni. Tuliufuta, tukaoga, tukanywa maziwa ya kopo ili yasafishe kifua. Papa Kassimu alicheka mpaka akatoa miwani, akatuonyesha kwa kidole kwamba maziwa yana njia yake na hewa ina njia yake. Unga wa usoni, kumbe, ndio ule ambao haukutuingia.

Lakini haya hakuyajua tangu mwanzo, na mwenyewe ameniomba nisifiche. Miaka ya kwanza kila kikohozi kirefu aliandika kifua kikuu. Dada yangu mkubwa, Laura, alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita, mara mbili, ingawa makohozi yake yalipimwa na hayakuonyesha kitu. Aliambiwa amepona, akarudi kwenye kinu. Alikufa mwaka 2012. Papa Kassimu alikuja kilioni, akasimama mbele ya jamaa yetu, akasema amekosea: haikuwa kifua kikuu, ilikuwa unga. Mimi Cécilia, ninayeandika haya, nilimchukia mwaka mzima. Sasa ninajua ni wanaume wangapi nimewahi kuwasikia wakisema vile mbele ya watu. Ni yeye peke yake.

Tangu kilio kile hakukaa. Alikwenda Kasongo kuuliza madaktari namna ya kuuzuia unga, akarudi na mpira wa tairi kuukuu uliotobolewa tundu la kupitisha mchi. Kinu kinafunikwa, jiwe linarushiwa maji, unga haupandi. Wamama walilalamika kwamba unga mbichi unashika kwenye chekecheo, naye alikaa nao wiki mbili akichekecha hadi wakapata kipimo cha maji. Leo karibu vinu vyote vya upande wetu vina mfuniko.

Kwa kuwa mashine ya kupiga picha ya kifua hatuna, alijitungia kipimo chake. Unavuta pumzi moja, unataja vijiji vya barabara ya kwenda Kasongo, kimoja kimoja. Pumzi ikikatika, anaandika kijiji. Sokoni utasikia mtu akijisifu: "Miye niko nafika Kasongo, na pumzi inabakia." Wengine wanakwama kijiji cha pili, na hao hatuwachekei.

Mwaka 2014 nilikuja na kikohozi changu, bado nimekasirika. Nilitaja vijiji, nikaishia Wamaza. Aliandika, akaniambia, "Mama Cécilia, mbele ya hapo sitakufikisha. Makovu hayafutiki. Ila kurudi nyuma tunaweza kukataa." Akanitoa kwenye kinu, akanipa meza ya mlangoni na daftari la kuandikisha wagonjwa. Kila Februari ananipima. Miaka kumi na moja, jibu ni Wamaza.

Jumatatu somo la unga litakuwa langu: mimi ndiye nitakayekung'uta mfuko wa muhogo. Maneno haya nimeyaandika ili Grégoire wa maabara ayasome mbele yenu, maana ukurasa mzima ni mrefu kwa pumzi yangu.

Papa Kassimu, kwa niaba ya wote hapa, asante. Mungu akupe miaka mingi, kifua kikunjufu, na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake. Kesho pikipiki itakupitisha kwenye vijiji vyote ulivyotutajisha. Ukifika Wamaza, mwambie dereva apunguze mwendo. Bado nipo pale.